Msumeno wa Betri Umeingia Nyumbani

Duka lenyewe ni dogo, kando ya barabara inayoshuka kuelekea mpakani Tunduma, pale ambapo malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni na bodaboda hupenya katikati yake. Ukutani zimening'inia drili na mashine za kukatia vigae, na chini yake yamepangwa masanduku ya plastiki yenye misumeno midogo ya mnyororo, kila sanduku na betri mbili na chaja yake. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi kwa jinsi alivyojieleza, aliuliza kama kifaa kile kinaweza kukata matawi ya mgrevilea. Kijana wa dukani akachomeka betri, akauinua msumeno kwa mkono mmoja, akabonyeza. Cheni ikazunguka kwa mluzi mwembamba, kama feni.

"Umeona, mzee wangu? Hauna kelele, hauna moshi, hata mtoto wa shule anauweza."

Mzee akataka kujua cheni inakazwaje. Kijana akaishika kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaivuta juu kidogo ili aonyeshe. Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye kitufe, na betri ilikuwa bado ndani.

Hakuumia siku ile. Ila tangu hapo nimekuwa nikiwaza juu ya vidole vile, na juu ya jinsi chombo hiki kinavyoingia majumbani mwetu bila mtu wa kukitambulisha.

Msumeno wa petroli ulikuwa na kizuizi chake mlangoni. Ulikuwa ghali, ulitaka mchanganyiko sahihi wa petroli na oili, ulitaka mtu mwenye bega la kuvuta kamba mara tatu au nne hadi injini ikubali. Ukishawaka, bonde zima lilijua. Kwenye miteremko ya Ileje, sauti ile ikisikika ng'ambo, mama huita watoto na mwenye ng'ombe huwasogeza. Kwa sababu hiyo msumeno ulibaki mikononi mwa wapasua mbao, watu walioanza kama vibarua wa kubeba, wakawa wasaidizi wa kuvuta kamba na kugonga kabari, ndipo wakaruhusiwa kushika mashine baada ya msimu mmoja au miwili. Mafunzo hayo hayakuwa na cheti na yalirithisha makosa mengi, lakini yalikuwepo. Msumeno wa betri umeyaruka yote. Unanunuliwa asubuhi, unachajiwa mchana, na jioni uko juu ya mparachichi mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kukata kitu chochote kwa mashine.

Hoja yangu ni hiyo. Kelele, moshi, uzito na usumbufu wa kuwasha ndivyo vilivyokuwa vikitukumbusha kuogopa, na betri imeviondoa vyote kwa mpigo. Makali yamebaki pale pale. Tahadhari iliyokuwa ikifundishwa na injini sasa lazima ifundishwe na watu.

Siandiki haya kuukataa msumeno wa betri. Ni chombo kizuri, na kwa mkoa wa Songwe kimekuja wakati wake. Mibuni iliyozeeka huko Mbozi hukatwa chini ili kisiki kichipue upya. Ukifanya kazi hiyo kwa panga unakichana kisiki, na ukiifanya kwa msumeno wa mkono unaumaliza mgongo. Msumeno mdogo wa betri unaacha mkato safi kwa sekunde chache. Miti ya kivuli inataka kupunguzwa matawi, mparachichi unataka kupogolewa, kuni zinataka kukatwa vipande. Mtumiaji havuti moshi wa injini ya mipigo miwili, ambayo hutema sehemu ya mafuta yake bila kuyaunguza, na viganja vyake havipigwi na mtetemo mkali unaoharibu mishipa ya vidole kadiri miaka inavyokwenda. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuacha kuuza injini ndogo mpya za aina hiyo kuanzia zile za mwaka 2024, na viwanda vya dunia vimezidi kugeukia betri. Wimbi hilo limefika Kariakoo, na kutoka Kariakoo linapanda barabara kuu ya TANZAM hadi Mlowo, Vwawa na Tunduma.

Hata hivyo tukumbuke mnyororo wenye meno ulianzia wapi. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walibuni mnyororo mwembamba wenye meno, wa kuvutwa huku na huku kwa mikono, kwa ajili ya kukata mfupa wa mgonjwa. Msitu ulikuja baadaye sana. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wake wa kwanza mwaka 1926, nao ulikuwa wa umeme; wa petroli ulifuata mwaka 1929. Kwa hiyo umeme si mgeni kwenye msumeno, na mfupa wa mtu ulijulikana kwa cheni kabla ya mti.

Hatari kubwa ya msumeno wowote wa mnyororo ni kile ambacho wapasua mbao wengi hukiita teke. Baa, yaani lile bamba la chuma linaloibeba cheni, ina ncha ya mviringo. Meno yanayopita robo ya juu ya ncha hiyo yakigusa gogo, tawi lililojificha au hata ardhi, hayapati nafasi ya kuchimba. Nguvu yote ya cheni inageuka kuwa nguvu ya kuirusha baa juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Tukio zima linakwisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla jicho halijapeleka habari kwa mkono. Hakuna mwenye wepesi wa kulikwepa teke, na ndiyo maana viwanda viliweka breki ya cheni kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni ile kinga iliyosimama mbele ya mpini wa mbele. Ikigongwa na mkono au ikirushwa na teke lenyewe, cheni inasimama.

Misumeno mikubwa ya betri, ya volti 36 kwenda juu, kwa kawaida huwa na breki hiyo. Ijaribu kila siku kabla ya kazi: washa, sukuma kinga mbele, cheni isimame mara moja. Isiposimama, msumeno hautoki nyumbani. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, dole gumba likizunguka chini yake, na kiwiko kinyooke. Wa kulia ushike mpini wa nyuma. Hata mwenye kutumia mkono wa kushoto ashike hivyo hivyo, kwa sababu chombo kimeundwa kwa mkao huo. Mwili ukae pembeni kidogo ya mstari wa cheni, ili baa ikirudi ipite hewani karibu na bega la kulia. Usikate juu ya usawa wa mabega. Ngazini ndiyo usikate kabisa, maana teke dogo tu, lisiloweza kumtikisa mtu aliyesimama chini, linatosha kumwangusha aliye juu ya ngazi.

Ile midogo ya inchi 4 au 6, inayoshikwa kwa mkono mmoja na inayouzwa zaidi Tunduma, ina shida ya namna yake. Mingi haina breki ya cheni. Ina kitufe cha kuzuia isiwake kwa bahati mbaya na kifuniko cha plastiki juu ya baa, basi. Teke lake si kubwa kama la misumeno mikubwa. Kinachonitisha ni mkono ule mwingine. Wa kulia una kazi, wa kushoto unatafuta kazi, nao huipata kwenye tawi linalokatwa. Tawi likiachia ghafla, msumeno hausimami pale ulipoishia mti. Unaendelea na safari yake hadi kwenye kiganja au paja. Ushauri wangu kwa mwenye msumeno wa aina hii ni mfupi: tawi lishikwe na kitu, lisishikwe na mtu. Lifunge kamba, liegemeze kwenye panda ya mti, liweke juu ya farasi wa mbao, ile fremu ya kukatia. Mkono wa kushoto ukikosa kazi, uache ukose.

Jambo la pili ni lebo, na hapa wanunuzi wetu wanapotoshwa waziwazi. Betri nyingi za bei nafuu zimeandikwa 48VF, 88VF, 98VF, hata 288VF. Hizo VF hazipimi volti. Ni maneno ya biashara. Ndani yake mara nyingi kuna seli za lithiamu zilizofungwa tano kwa mfululizo. Seli moja ina volti 3.6 za wastani na 4.2 ikijaa. Tano mara 3.6 ni 18, na tano mara 4.2 ni 21. Huo ndio uwezo halisi, hata kama sanduku linajigamba vipi. Kipimo cha kweli cha betri ni volti mara ampea-saa, yaani wati-saa. Betri halali ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu wati-saa 9,000. Tuseme injini ndogo inapoteza sehemu nne kati ya tano kama joto, bado zinabaki kama 1,800 za kuendesha cheni. Ni zaidi ya betri 12 za namna hiyo kwa lita moja tu.

Hesabu hii si ya uchumi peke yake. Betri ya lithiamu haichoki polepole kama tochi ya mawe. Inaenda kwa nguvu karibu ile ile, halafu mfumo wake wa kujilinda unakata ghafla. Ikikata ukiwa kwenye tawi la mparachichi, utaudhika tu. Ikikata ukiwa katikati ya mti, umebaki na mti uliosimama ambao hauna tena shina kamili, na upepo wa alasiri wa uwanda wa Mbozi hausubiri chaja. Mti uliokatwa nusu ukaachwa ni mtego kwa kila atakayepita chini yake.

Kwa hiyo msumeno wa betri upewe kazi ya kimo chake. Usikate gogo nene kuliko urefu wa baa inayoonekana, na ncha uihesabu kuwa haipo. Kuangusha mti mkubwa ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mwenye msaidizi, kabari na msumeno unaotosha. Mtu huyo huanza kwa kuangalia mti umeegemea wapi na kama kuna matawi makavu juu. Huhakikisha hakuna mtu ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, na husafisha njia yake ya kurudi nyuma kwa mshazari. Hukata mdomo upande wa kuangukia, kina chake robo ya unene au karibu na hapo, kisha hukata kutoka nyuma na kuacha bawaba ya mti wenyewe, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba ndiyo inayouongoza mti kulala. Anayeikata yote kwa haraka ameukabidhi mti uamuzi. Na katika miombo ya Momba na wilaya ya Songwe kuna jambo la ziada: miti mizee mara nyingi ni mitupu ndani, imeliwa moyo, na bawaba ya mti mtupu haiaminiki. Gonga shina kwanza kwa nyuma ya shoka, usikilize.

Ukimya wa betri una upande wake wa pili pia. Kwa miaka mingi, maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na kamati za maliasili za vijiji wamekuwa wakisaidiwa na sauti: injini ikinguruma porini, mtu anajua pa kwenda. Mkurungu, ambao Wazambia huuita mukula, ulivunwa vibaya pande zote mbili za mpaka hadi ukaingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022 ikaamuliwa kuwa mninga na mkongo wa Afrika nayo ifuate. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna, na mazao yakisafirishwa yawe na hati yake. Mnunuzi aulize ofisi ya TFS ya wilaya yake kuhusu usajili wa msumeno na vibali kabla ya kuupeleka porini, wala asidhani udogo wake unauondoa kwenye sheria. Naligusa hili katika makala ya usalama kwa sababu anayejificha hukata usiku, hukata peke yake, na hukata kwa haraka. Ajali haihitaji zaidi ya hayo.

Sasa matunzo, ambako ndiko misumeno mingi inakofia na ambako ajali nyingi huandaliwa. Fundi mmoja wa Vwawa alinikaribisha nikae kwenye benchi lake nimtazame. Kabla ya kugusa chochote alitoa betri, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Ikiwa hapa, kaka, hakuna mtoto wa kuja kuirudisha nikiwa nimeinama." Kisha akafungua kifuniko cha pembeni. Ndani kulikuwa na tope jeusi la unga wa mbao lililoshikana na oili hadi kuwa gumu kama ugali wa jana. Akalikwangua kwa kijiti, akapitisha waya kwenye mfereji wa baa, akazibua tundu dogo ambalo oili hupitia. Tundu lilikuwa limeziba kabisa. "Mteja kasema msumeno umekufa," akaniambia. "Haujafa huu. Una kiu."

Kiu hiyo ina sababu yake, na sikuwahi kuifikiria kabla ya siku ile. Kwenye msumeno wa petroli, matangi mawili yamepimwa ili petroli iishe kabla ya oili ya cheni. Mtu akijaza moja anajaza na lingine, na cheni haikauki. Msumeno wa betri hauna kengele hiyo. Betri inatolewa, nyingine inaingia, kazi inaendelea, na hakuna kinachomkumbusha mtu kuwa cheni inazunguka kavu. Chuma kinasuguana na chuma, baa inapata moto hadi kugeuka rangi, cheni inarefuka, inalegea, na siku moja inaruka nje ya mfereji. Basi iwe sheria ya nyumba: kila unapobadilisha betri, tazama oili. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya baa juu ya kisiki kipya au kipande cha boksi, bila kugusa, endesha sekunde chache. Uone mstari mwembamba wa oili. Ile midogo isiyo na tangi hudondoshewa kwa mkono, na betri iwe nje.

Oili gani? Wengi hutumia oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za malori, kwa kuwa Tunduma haina uhaba nayo. Naomba tuiache. Ina vipande vya chuma vinavyoila baa, na ina kemikali zinazojulikana kusababisha saratani, ambazo cheni huzirusha kwenye ngozi, kwenye nguo na kwenye udongo wa shamba la kahawa. Asiyepata oili ya cheni anaweza kutumia mafuta ya alizeti, ambayo yanakamuliwa hapa hapa mkoani. Yana kasoro moja: yakiachwa wiki kadhaa hugandana kama gundi, kwa hiyo msumeno usafishwe kabla ya kuwekwa.

Ukazaji wa cheni hauna siri kubwa. Betri nje, glavu mkononi, cheni ikae imegusa chini ya baa bila kuning'inia, na bado izunguke ukiivuta kwa vidole. Cheni mpya hurefuka, ikaguliwe tena baada ya dakika za kwanza za kazi. Ukiikaza ikiwa ya moto, ilegeze unapomaliza, maana ikipoa hujikaza yenyewe na kuumiza ekseli na baa.

Makali nayo yana hadithi yake. Hadi miaka ya 1940 cheni zilikuwa na meno ya kukwaruza kama msumeno wa mkono. Mkata miti wa Oregon, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakavu akitafuna kisiki kushoto na kulia, naye akabuni cheni yenye meno yanayopishana kwa namna hiyo. Aliianzisha kampuni yake mwaka 1947. Meno ya cheni zetu za leo ni wajukuu wa taya za yule buu. Kila jino lina sehemu mbili: kisu chenyewe, na mbele yake kijino kifupi kinachopima kisu kiingie kina gani. Kisu hunolewa kwa tupa ya mviringo, kwa cheni ndogo huwa ni ya milimita 4, kutoka ndani kwenda nje, kwa mshazari wa nyuzi 25 hadi 30 au kama mtengenezaji alivyoagiza, mapigo sawa kwa kila jino. Fundi wa Vwawa alihesabu kwa sauti, matatu kwa kila moja, akaweka alama ya chaki alipoanzia. Kijino cha mbele kisiguswe ovyo. Wapo wanaokisaga ili "cheni ile haraka", nao wanapata msumeno unaong'ata kwa pupa na kupiga teke kwa urahisi.

Jinsi ya kujua cheni imekuwa butu ni kutazama inachotema. Ikitema vipande vidogo kama makapi, ina makali. Ikitema unga laini, imekwisha, na mtumiaji ataanza kusukuma kwa uzito wa mwili. Kusukuma ndiko kunakomaliza betri, kunakounguza mota, na kunakomfanya mtu ajikwae mbele tawi likiachia. Msumeno wenye makali ni salama kuliko ulio butu, ingawa watu wengi hudhani kinyume.

Betri nayo inataka uangalizi wake. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo; unapokatika, chomoa chaja, usubiri utulie. Anayechaji kwa sola kupitia inveta ya bei rahisi ajue kuwa umeme wake unaweza kuiua chaja. Betri iliyotoka kazini ya moto ipumzike kivulini kwanza. Chaja ya msumeno mwingine isitumike kwa sababu tu plagi inaingia. Usichaji kitandani, juu ya maranda ya mbao, wala chumbani mtu akiwa amelala. Betri iliyovimba, iliyoangukiwa na kitu kizito au inayotoa harufu ya ajabu itolewe nje, mbali na paa, isichajiwe tena, na isitupwe kwenye shimo la kuchomea taka. Ukimaliza msimu, iache ikiwa karibu nusu, mahali pakavu na baridi. Na mvua ikianza, kama inavyofanya huku kuanzia Novemba, msumeno uingie ndani kabla yako.

Mavazi nitayasema kwa ufupi kwa kuwa yanajulikana na hayavaliwi. Kandambili hapana, buti ndiyo. Miwani ya kinga daima. Vitenge, skafu na mashati mapana hapana. Masikio pia: msumeno wa petroli hufika desibeli 110 hivi, na ule mkubwa wa betri, ingawa ni mpole zaidi, bado unaweza kuvuka 85, kiwango ambacho mtu akikizoea kutwa nzima huanza kupoteza usikivu. Suruali za kinga zina nyuzi ndefu zinazovutwa na cheni hadi zikaikaba gia isimame. Zinafaa sana, lakini mota ya umeme ina nguvu kamili tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo zisichukuliwe kuwa ukuta.

Na ikitokea? Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Vwawa, na ya Kanda iko Mbeya, kama kilomita 100 kutoka Tunduma kwa barabara ile ile ya foleni. Kutoka kijiji cha ndani cha Momba au Ileje, saa zinaweza kupita kabla ya kuonana na daktari. Damu ya mshipa mkubwa haisubiri saa. Humaliza mtu kwa dakika. Kwa hiyo kila anayekata awe na mwenzake karibu, simu yenye chaji, na kitambaa safi kirefu. Jeraha libanwe moja kwa moja, kwa nguvu zote, bila kufunuafunua kutazama. Ikiwa ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga kitambaa kwa kukaza juu ya jeraha, kati yake na mwili, ukizungusha kijiti hadi damu isimame, andika saa uliyofunga, mpeleke. Usipake majani, usipake mafuta ya taa.

Nani wa kufundisha haya yote? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri afundishe na atoe vifaa vya kinga, na wakala wa serikali, OSHA, ndio wasimamizi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, unamlipa mfanyakazi aliyeumia. Ila mkulima anayepogoa shamba lake hana mwajiri, na kijana anayeitwa kukata mti wa jirani kwa malipo ya siku hana mkataba. Mafunzo ya misumeno yapo, katika Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi na kituo chake cha Mafinga, lakini yametengenezwa kwa watu wa mashamba makubwa ya miti. Mwenye msumeno wa inchi 6 huko Igamba hatasafiri hadi Mafinga. Atafundishwa na muuzaji, au hatafundishwa na mtu.

Ndiyo maana naamini kazi hii ianzie kaunta. Karatasi iliyomo ndani ya sanduku mara nyingi ni ya Kichina na Kiingereza. Mwagizaji anayeweza kulipia kontena anaweza kulipia ukurasa mmoja wa Kiswahili. Halmashauri ya Mji wa Tunduma ina maofisa biashara wanaopita maduka haya kila mwaka kwa ajili ya leseni. Wangeweza kuuliza pia kama muuzaji anajua breki ya cheni ni nini. Vyama vya msingi vya kahawa vya Mbozi hukutanisha wakulima kabla ya msimu wa kukata mibuni; nusu saa ya mkutano mmoja, na fundi mwenye tupa, ingefika kwa watu ambao hakuna chuo kitakachowafikia.

Yule mzee aliununua. Aliufunga kwa mpira nyuma ya bodaboda, sanduku likiwa juu ya gunia la mbolea, akaondoka kuelekea Mpemba. Nilipata nafasi ya kumwambia jambo moja tu kabla dereva hajawasha, nami nakuambia wewe msomaji ambaye tayari unao chini ya kitanda au nyuma ya mlango: nenda ukaitoe betri sasa hivi, uiweke chumba kingine, mahali ambapo mtoto hafiki.